Bwawa la Hombolo na vilima vya Dodoma: saa ya kwenda na saa ya kurudi

Dodoma, saa unayotoka nyumbani ina uzito kuliko mahali unapokwenda. Kilima kilekile kinachoburudisha saa 12 na nusu asubuhi, saa 7 mchana kinaweza kumpeleka mtu hospitali. Familia zilizohamia hapa kutoka pwani au kutoka mikoa yenye mvua nyingi huchelewa kulizoea jambo hili, kwa kuwa joto la huku halifanani na walilolijua.

Jiji lipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mvua ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za selsiasi. Oktoba na Novemba mchana hufika 31 na kupita. Kwa sababu hewa ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona. Mtu anajitazama shati halijalowa, anaamini hajapoteza maji, kumbe yamekwisha kuondoka. Ndiyo maana kusubiri kiu ni kosa. Ukiwa unatembea juani, kunywa robo lita kila dakika 15 hadi 20, yaani karibu lita moja kwa saa. Kwa matembezi ya saa tatu mtu mzima abebe lita 3, wala asitegemee kununua njiani.

Jua la Dodoma hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. La Oktoba ni kali zaidi kwa sababu mawingu ni machache. Kipimo rahisi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua linaunguza, tafuta mti au rudi. Kwa mtu mwenye ualbino saa hizo ni za kukaa ndani kabisa. Akitoka asubuhi au jioni avae kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu na miwani ya jua, na apake mafuta ya kukinga jua upya kila baada ya saa mbili.

Kwa vilima vya mawe vinavyozunguka jiji, anza kupanda kunapokucha na uwe umeshuka kabla ya saa 4 asubuhi. Mawe hunyonya joto, kisha huendelea kulitoa. Ukishuka saa 6 unaunguzwa juu na chini. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na usitie mkono kwenye ufa wa jwe usiouona ndani, maana nyoka hujificha humo. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kuyumba huku mwili ukiwa wa moto, hilo si suala la uchovu. Mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee mfululizo na mwahishe hospitali. Asiyejitambua msimnyweshe kitu.

Bwawa la Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji, lilijengwa mwaka 1957. Watu huenda kula samaki, kupanda mtumbwi na kutazama ndege. Hayo yote ni mazuri. Kinachohitaji akili ni kuingia majini, kwa sababu ya kichocho.

Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia, hasa pembezoni palipoota majani, na hutoka kwa wingi pale mwanga unapokuwa mkali, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Hizo ndizo saa watoto wanapopenda kuogelea, na pembezoni ndipo wanaposimama kwa kuwa hawajui kuogelea. Kimelea hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote, kwa dakika chache tu. Kujifuta taulo haraka hakutoshi kukuokoa. Kwa hiyo mtoto asiingie kwenye maji ya pembezoni yenye majani, hata kama ni miguu tu. Maji ya bwawa mnayotaka kuogea kambini yachoteni, muyafunike na kuyaacha saa 48. Vimelea hufa kwa kukosa mwili wa kuingia. Maji ya kunywa ni lazima yachemshwe, hayo ya kukaa siku mbili hayahesabiki.

Aliyekwisha kuingia asiogope wala asipuuze. Aende kituo cha afya wiki 6 hadi 8 baadaye apimwe mkojo na choo. Akipimwa mapema mno mayai bado hayajaonekana na majibu yanaweza kudanganya. Tiba ipo, ni vidonge vya prazikwanteli ambavyo dozi yake hukadiriwa kwa uzito wa mgonjwa. Damu kwenye mkojo wa mtoto wa kiume si dalili ya kukua, kama baadhi ya wazee walivyokuwa wakisema. Ni ugonjwa, na unatibika.

Kuhusu mitumbwi, angalia upepo. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa mashariki na kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na kawaida huongezeka jua linapopanda. Safari ya majini iwe ya asubuhi. Kila abiria avae jaketi okozi na alifunge. Ukiona mawimbi yameanza kuvunjika vichwa vyeupe, geuza kuelekea ufukweni. Wanaokwenda Bwawa la Mtera wawaulize wavuvi kwanza: kule kuna viboko na mamba.

Msimu wa mvua hubadilisha hesabu. Asubuhi huweza kuwa shwari, radi zikaja alasiri. Ukiona mwanga wa radi anza kuhesabu. Kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika 30, ondoka kileleni, toka majini, na usijibanze chini ya mbuyu uliosimama peke yake. Ingia kwenye nyumba au ndani ya gari lililofungwa, na ukae humo hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Pia msitandike mikeka kwenye korongo la mchanga hata kama ni kavu. Maji yanayolijaza hutokana na mvua iliyonyesha mbali, na hufika mbingu ikiwa safi juu yenu. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kusukuma gari dogo.

Milima na bwawa si vitu viwili. Kila njia mpya inayokatwa wima kuteremka kilima hugeuka mfereji, mfereji hugeuka korongo, na udongo wake huishia bwawani. Wilaya ya Kondoa iliharibiwa na mmomonyoko kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoathirika. Bwawa likijaa tope huwa na kina kifupi. Maji mafupi hupata joto upesi na kukauka upesi, na katika mkoa huu jua na upepo vinaweza kunyonya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mara tatu na ushei ya mvua inayonyesha. Kisha kwenye kina hicho kifupi majani huota, na konokono wa kichocho hupata makazi. Kwa hiyo panda kilima kwa njia ya zigizaga iliyokwishapitwa, usikate ya mkato.

Anayetaka kivuli nyumbani au kwenye eneo la mapumziko apande mvua zinapokolea, Desemba, ili mizizi ishike kabla ya Mei. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, changanya debe moja la samadi iliyooza na udongo wa juu, na zungushia kisahani cha kukusanya maji. Mwarobaini na mgunga huvumilia. Panda upande wa magharibi wa nyumba, linakotoka jua la alasiri. Kiangazi cha kwanza mche unahitaji lita 10 mara mbili kwa wiki, zimwagwe jioni, na uzio wa miiba dhidi ya mbuzi. Miche mingi hapa hufa kwa kukosa kimojawapo kati ya hivyo viwili.