Saa Tatu ya Addis

Wiki ya pili tangu niripoti kituoni Addis Ababa, mwishoni mwa 2016, nilichelewa miadi kwa saa sita. Karani wa ofisi niliyokuwa nakwenda aliniandikia kwenye kikaratasi, kwa Kiingereza safi kabisa: Jumanne, 3:00. Mimi nikasoma Kizungu, saa tisa alasiri. Nikafika na tai yangu shingoni, mlinzi akanitazama kwa huruma. Miadi ilikuwa saa tatu asubuhi. Wahabeshi huhesabu saa tangu kunapopambazuka, sawasawa na tunavyohesabu sisi Tanga. Saa tatu kwao ni "sost saat", na hiyo "saat" ni ndugu wa damu wa "saa" yetu. Katika wanadiplomasia wote wa mji ule, mimi Mswahili ndiye niliyepaswa kuelewa bila kufundishwa. Nikajitia Uzungu, nikaumbuka.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaopangiwa vituo hunipigia simu kuniuliza maisha ya ubalozini yakoje. Wengi wamekwisha kuyaona kwenye picha: suti, bendera ndogo kwenye gari, glasi ya juisi mkononi. Glasi ipo kweli. Mara nyingi unaishika saa mbili nzima umesimama, miguu inawaka moto, ukimsubiri mtu mmoja tu amalize mazungumzo yake ili umuulize swali moja.

Addis ni kituo cha kofia tatu. Kwanza unaiwakilisha nchi yako kwa Ethiopia. Pili, kwa Umoja wa Afrika, ambao makao yake yako pale. Tatu, kwa Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, iliyopo mjini humo tangu 1958. Maafisa ni walewale wachache, basi asubuhi uko na watu wa uhamiaji kuhusu wafungwa, mchana uko kwenye kikao cha bajeti ya bara zima.

Hivyo vikao ndivyo vilivyonifundisha kazi. Andiko la azimio linapojadiliwa, maneno ambayo hayajakubaliwa huwekwa kwenye mabano ya mraba. Kikao kinaanza asubuhi ukurasa umejaa mabano kama uzio, na kazi yenu ni kuyang'oa moja moja. Usiku mmoja tulibakiwa na bano moja lenye neno moja: nchi wanachama "zinapaswa" au "zinahimizwa"? Saa nane usiku wakalimani walishaondoka, na sisi watano tuko ukumbini na chupa za maji tupu. "Zinapaswa" maana yake kuna mtu atakuja kudaiwa hela. "Zinahimizwa" maana yake hakuna. Tulipata "zinahimizwa sana". Nilirudi nyumbani nimefurahi kama niliyeshinda vita, nikamweleza mke wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Sana?"

Mke wangu ni mwalimu. Miaka minne hakushika chaki. Mwenza wa mwanadiplomasia kwa kawaida hawezi kuajiriwa nchi ya watu mpaka ziwepo taratibu kati ya serikali mbili, na hata zikiwepo, vibali vina safari yake. Mimi nilipanda cheo, yeye akahesabu miaka. Nikiulizwa gharama kubwa ya kituo cha nje ni ipi, huwa naanzia hapo, kabla hata ya baridi na mvua za Juni mpaka Septemba.

Jikoni nako kulikuwa na vita vyake. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kabla hayajafikia joto tulilozoea sisi watu wa pwani. Maharage unayabandika asubuhi, adhuhuri bado yanagonga meno. Nyama ilitaka uangalifu wa namna nyingine: kule Mwislamu na Mkristo kila mmoja hula kilichochinjwa na wa dini yake, na bucha huweka alama ya msalaba au mwezi ili mtu asikosee. Nikialikwa kwa wenyeji wangu Wakristo nilikuwa naomba Mungu iwe Jumatano au Ijumaa. Siku hizo Waorthodoksi wanafunga, hawali nyama wala maziwa, na sinia huja na dengu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde) na mboga juu ya injera, mkate wao mwembamba wa unga uliochachushwa. Nakula kwa amani, mwenye nyumba haoni aibu, na mazungumzo yanakwenda vizuri. Nimepata taarifa nyingi za maana siku za mfungo kuliko kwenye hafla.

Kuhusu kinga ya kidiplomasia, mpwa wangu aliwahi kuniuliza kama naweza kupita taa nyekundu. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unasema tangu utangulizi wake kwamba kinga haipo kumnufaisha mtu binafsi, ipo ili kazi ya nchi ifanyike. Kifungu cha 41 kinakutaka uheshimu sheria za mwenyeji wako. Na cha 9 kinamruhusu mwenyeji akukatae wakati wowote bila kutoa sababu, ufungashe. Kinga ni ya dola iliyokutuma. Dola ikitaka, inaiondoa, na wewe huulizwi.

Upande wa pili wa kazi hauna tai. Vijana wa kusini mwa Ethiopia, wengi wao wa maeneo ya Hadiya na Kembata, hupita Moyale, mji wa mpakani, wakavuka Kenya, wakaingia Tanzania wakiifuata Afrika Kusini. Wengine huishia magereza yetu. Mama mmoja alikuja getini na picha ya mwanawe ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuwa na Kiingereza, mimi Kiamhari changu cha sokoni, na yeye mwenyewe alizungumza Kihadiya. Dereva wetu akatafuta mtu wa kututafsiria. Alitaka kujua jambo moja: kama mtoto yu hai. Ilichukua wiki tatu kupata jibu. Alikuwa hai.

Na Jumapili ya 10 Machi 2019, saa mbili na dakika 38 asubuhi, ndege ya kwenda Nairobi iliruka kutoka Bole, uwanja wa ndege wa Addis, ikaanguka dakika sita baadaye. Watu 157, wakiwemo Wakenya 32. Hakuna afisa wa ubalozi wowote aliyemaliza chai yake asubuhi ile. Unaletewa orodha, unapitisha kidole ukitafuta watu wa kwenu. Kidole kinafika mwisho hujawaona, unashusha pumzi, kisha unainua macho na mwenzako wa Kenya amesimama palepale.

Baba yangu alifariki tukiwa katikati ya kikao cha wakuu wa nchi. Simu iliingia alfajiri. Kutoka Addis hadi Dar es Salaam ni chini ya saa tatu angani, lakini ndege haiondoki kwa kuwa umefiwa, na Tanga si Dar. Alizikwa alasiri ileile, kama inavyotakiwa. Saa kumi, yangu na yao ikiwa moja, nilikuwa ukumbini nyuma ya kibao cha nchi yangu, nikiandika muhtasari. Kaka yangu alinitumia picha ya kaburi jioni. Dereva wetu, mzee wa Kiorthodoksi, alikuja nyumbani na ndugu zake wanne, wakakaa nasi mpaka usiku bila kusema mengi. Walirudi kesho yake, na keshokutwa.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyepangiwa Addis alinipigia kuniuliza abebe nini. Alitaka ushauri wa suti. Nikamwambia abebe sweta, sufuria ya presha, na akiandikiwa saa yoyote kwenye karatasi aulize ni saa ya nani.