Mbwa wa Kwenye Filamu na Simba wa Uani Kwetu

Jumapili moja mvua ilitufungia ndani hapa Bombo. Watoto watano walijipanga mkekani, watatu wangu na wawili wa dada yangu, wakatazama filamu ya mvulana na mbwa wake kwa tafsiri ya VJ, yule anayemsemea kila mtu mpaka mbwa naye anapewa maneno. Mbwa alipomvuta mvulana kutoka mtoni, mkeka mzima ulilia. Mvua ikakatika. Mdogo wao, wa miaka sita, akachomoka mbio hadi uani. Simba, mbwa wetu wa ulinzi, alikuwa ameinamia sahani ya posho (ugali) na mukene (dagaa). Mtoto akamkumbatia shingoni kwa mikono miwili.

Simba hakubweka. Aliganda. Masikio yalilala nyuma, mdomo ukabaki juu ya chakula bila kutafuna, na weupe wa jicho ukajitokeza pembeni. Nilimwita mtoto kwa sauti ya chini: "Achia mikono, baba, rudi nyuma polepole, usikimbie." Akaja. Hakuna aliyeumia. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa, maana kosa halikuwa la mtoto wala la mbwa. Filamu ilimwonyesha nusu ya jambo, na sisi wakubwa tuliokuwa jikoni hatukumjazia nusu nyingine.

Nazipenda filamu hizi kwa moyo wote, na sitaki watoto wangu wazikose. Ndiyo sababu naandika haya ninayoyasikia kila siku, nyumbani na kwa majirani, na ukweli wake.

"Mbwa anapenda kukumbatiwa. Si umeona anavyotulia kwenye filamu?"

Yule ametulia kwa sababu amefunzwa muda mrefu, na mkufunzi wake yuko pembeni ya kamera na kipande cha nyama mkononi. Mara nyingi yale macho ya mapenzi tunayoyaona yanamtazama mkufunzi, si mtoto. Kwa mbwa wa kawaida, kushikwa shingoni ni kuzuiwa asiondoke, na wengi hawapendi hata wakishikwa na watu wanaowajua.

Mbwa huonya kabla ya kung'ata, ila huonya kwa lugha yake: anaganda, anageuza kichwa, analamba pua ilhali hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi. Mkia nao unadanganya watu. Ukiwa umesimama wima, mgumu, unacheza kidogo kidogo, hiyo si furaha. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa, takriban 40 katika kila 100 ni watoto walio chini ya miaka 15. Sheria ya kwetu sasa ni hii: mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto haguswi. Ukimtaka, mwite aje mwenyewe, kisha umpapase kifuani au ubavuni.

"Ni mbwa mmoja anayefanya yote."

Mara chache. Kazi hugawanywa: mmoja anajua kuogelea, mwingine kubweka akiashiriwa, mwingine kulala kama mgonjwa. Sauti ya kubweka nayo mara nyingi huongezwa baadaye studio. Lassie, mbwa jike aliyependwa na watoto wa dunia nzima tangu filamu ya mwaka 1943, aliigizwa na dume aitwaye Pal, na baada yake wakafuata wanawe na wajukuu wake, madume pia. Dume wa aina ile hubaki na manyoya mengi hata msimu wa joto, na ukubwa wake humfanya mtoto aliye karibu naye aonekane mdogo zaidi. Siku hizi mbwa huweza asiwepo kabisa: Buck wa filamu ya mwaka 2020, ile ya Harrison Ford, alichorwa kwa kompyuta, na mbele ya kamera nafasi yake ilishikwa na binadamu anayetembea kwa miguu na mikono.

Watoto wangu nilipowaambia haya niliogopa nitawavunjia raha. Kumbe walitaka kurudia filamu wamtafute mkufunzi alipojificha.

"Wakiandika 'hadithi ya kweli', basi yote ni kweli."

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kuna mbwa alidhulumiwa.

Januari 1925, mji wa Nome huko Alaska ulivamiwa na dondakoo, ugonjwa unaoziba koo za watoto mpaka wakose pumzi. Dawa ilikuwa mbali, bahari imeganda, ndege hazikuweza kuruka. Waendeshaji wapatao 20 na mbwa kama 150 wakaipokezana kwa sleji, vile vigari visivyo na magurudumu vinavyoteleza juu ya theluji, kilomita zinazokaribia 1,085 kwa siku tano na nusu. Aliyeingia nayo mjini alikuwa Balto, akiongoza kundi la Gunnar Kaasen. Waandishi wa habari wakamkuta yeye, na kabla mwaka haujaisha akajengewa sanamu New York. Mwaka 1995 ikaja filamu ya katuni iliyomfanya nusu mbwa mwitu, anayedharauliwa na mji wake. Balto halisi alikuwa mbwa wa sleji kama wenzake, hana damu ya mbwa mwitu.

Balto alikimbia kilomita kama 85. Mbwa mwingine, Togo, akiongoza kundi la Leonhard Seppala, alikwenda zaidi ya kilomita 400 ukijumlisha safari ya kuifuata dawa na ya kurudi nayo, akavuka ghuba yenye barafu inayopasuka chini ya miguu. Alikuwa na miaka 12, mzee kabisa kwa mbwa. Alisubiri hadi 2019 kupata filamu kubwa ya peke yake. Simnyang'anyi Balto heshima. Bila yeye mzigo usingefika. Ila nataka mtoto ajue kwamba anayepokea shangwe mlangoni si lazima awe ndiye aliyebeba zaidi njiani.

"Mbwa shujaa ni wa Kizungu. Hawa wetu ni mbwa koko tu."

Hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayowapa watoto ruhusa ya kurusha mawe.

Togo mwenyewe alizaliwa dhaifu, mgonjwa, akagawiwa kwa watu kama mbwa wa nyumbani, akapasua dirisha na kukimbia kurudi kwa Seppala. Mbwa aliyeigiza filamu ya *Old Yeller* ya mwaka 1957 alitolewa kwenye kituo cha wanyama waliotupwa, kwa dola 3.

Na hapa Uganda, nenda Gulu. Francis Okello Oloya alipofuka akiwa na miaka 12, alipolipukiwa na bomu lililobaki ardhini wakati wa vita. Akiwa shule ya bweni, usiku alipotoka kwenda chooni alipotea njia, na mbwa waliokuwa pale shuleni ndio waliomfuata na kumsaidia kufika. Hawakuwa na mkufunzi wala nyama ya kuahidiwa. Alipokua akasomea saikolojia, akaanzisha mradi unaowaunganisha manusura wa vita, watu wanaoamka usiku wakipiga kelele, na mbwa wa mitaani waliookolewa. Mtu anafunzwa kumtunza mbwa, mbwa anafunzwa kumsindikiza mtu. Ni mbwa wale wale wa rangi ya udongo tunaowafukuza sokoni. Kama kuna mtengeneza filamu wa Kampala anayesoma hapa: yule mtoto asiyeona na wale mbwa wa usiku, kamera yako ya kwanza ielekeze kule.

"Sisi Waislamu mambo ya mbwa hayatuhusu."

Jirani yangu aliniambia hivi akiwa mlangoni, na namheshimu. Ni kweli tumefundishwa kwamba chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na Simba wetu analala nje karibu na banda la kuku. Lakini twahara si chuki. Katika Suratul Kahf vijana waliokimbilia pangoni walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Na ni nani asiyejua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa? Hiyo watoto wanaijua kabla ya filamu yoyote.

"Mbwa mwenye kichaa utamjua kwa povu."

Wengine hutoa povu na kushambulia. Wengine hunyamaza, taya linalegea, wanajificha kama wagonjwa wa kawaida, na mtoto mwenye huruma ndiye wa kwanza kuwasogelea. Virusi viko kwenye mate. Jiwe jeusi haliviondoi, wala pilipili, wala mafuta ya taa. Uking'atwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili ukiangalia saa, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upate chanjo, na umalize dozi zote. Usingoje kuona dalili. Huchukua wiki au miezi kujitokeza, na zikishajitokeza karibu hakuna anayepona.

Ile *Old Yeller* niliyoitaja ndiyo filamu ya watoto iliyosema kweli kuhusu hili. Mbwa anaiokoa familia kwa kupigana na mbwa mwitu mwenye kichaa, naye anaambukizwa, na mvulana aliyempenda ndiye anayelazimika kumpiga risasi. Tuliitazama wote, safari hii nami nikiwa mkekani. Binti yangu wa miaka kumi alifuta macho akauliza kwa hasira, "Kwa nini hawakumpeleka kuchanjwa?"

Nikamweleza kwamba kisa kile kimewekwa Texas, miaka ya 1860 na kitu. Chanjo ya kichaa ya Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, ilikuja kumwokoa mtoto mwaka 1885, mvulana wa miaka tisa aliyeng'atwa na mbwa. Wale wa kwenye filamu hawakuwa na pa kwenda.

Akanyamaza. Kisha akainuka, akaenda kwenye droo ninamoweka kadi za kliniki zao, akaitafuta ya Simba. Chanjo yake ni ya kila mwaka. Ilikuwa imepitwa na miezi miwili.