Kasoro Hukaa Pale Mafundi Wawili Wanapokutana

Kazi yangu ni kukagua nyumba za ghorofani kabla mnunuzi hajasaini karatasi ya kupokea funguo na, mara nyingi kuliko ninavyopenda, baada ya kusaini. Hapa Dar es Salaam mwenye nyumba anaponipigia simu huanza na yale yanayomuudhi machoni: ukuta wa sebule una mawimbi, mlango wa chumba unakwaruza sakafu, kigae kimoja jikoni hakifanani na vingine. Ninamsikiliza na kuyaandika yote, kwa kuwa amelipia na ana haki nayo. Nikifika, hata hivyo, huomba nianzie bafuni.

Ukuta wenye mawimbi ni kazi ya fundi mmoja, naye akiitwa hana pa kukimbilia. Kasoro zinazokula fedha ni za namna nyingine, na kwa uzoefu wangu karibu zote hukaa pale kazi ya fundi mmoja inapoishia na ya mwenzake inapoanzia. Fundi bomba hutoboa jamvi la zege ili apitishe bomba la maji machafu, kisha huondoka. Mwashi huja na niru yake na vigae vyake, akafunika. Na kati yao hubaki mwanya wa vidole viwili kuzunguka lile bomba, ambao haumo katika hesabu ya yeyote. Ikumbukwe kwamba mafundi wengi katika majengo yetu hulipwa kwa kupatana, huyu kwa mita za mraba za vigae, yule kwa idadi ya vyoo alivyofunga. Mwanya haupimwi kwa mita wala hauhesabiwi kama choo, kwa hiyo hakuna anayelipwa kuuziba.

Bafu huonyesha jambo hili vizuri kuliko chumba kingine chochote, kwa sababu ndani ya eneo dogo hukutana mwashi, fundi bomba, fundi umeme, fundi vigae na yule wa kupaka dawa ya kuzuia maji. Wenye nyumba wengi hudhani kwamba vigae ndivyo vinavyozuia maji, na sivyo. Maji hupenya polepole kwenye saruji ya maungio, na kinachoyazuia ni tabaka lililopakwa chini ya vigae, ambalo linapaswa kupanda ukutani walau sentimita 15 kutoka sakafuni, na juu zaidi pale penye bomba la mvua. Mtihani wake ni rahisi: kabla ya kigae cha kwanza kuwekwa, tundu la maji huzibwa, sakafu hujazwa maji ya kina cha sentimita chache, na kwa saa 24 mtu hushuka ghorofa ya chini kutazama dari. Vigae vikishawekwa, tabaka hilo halionekani tena, na kinachobaki ni neno la msimamizi. Ndiyo maana huomba picha za siku ya mtihani, zenye tarehe. Msimamizi aliyefanya mtihani huzitoa kwenye simu yake papo hapo, na ambaye hakuufanya huniambia kwamba zipo kwa mwenzake aliyesafiri.

Baada ya tabaka huja mwinamo. Sakafu ya bafu inapaswa kushuka kuelekea tundu la maji kwa kiasi cha sentimita 1 hivi kwa kila sentimita 80, ambacho jicho halikitambui lakini maji hukitambua mara moja. Huwa ninamwaga ndoo moja na kusubiri dakika 10. Maji yakituama kwenye pembe nyuma ya mlango, hakuna silikoni wala maneno mazuri yatakayoponya sakafu hiyo. Ni kuvunja na kurudia, na aliyepokea funguo tayari ataombwa avumilie. Kisha hugonga vigae kwa sarafu, kimoja kimoja, nikisikiliza mlio wa mtungi mtupu, maana fundi aliyeweka saruji katikati tu na kuacha pembe wazi ameacha pia nafasi ya maji kulala.

Kuna lalamiko moja la bafuni ambalo hunifurahisha kidogo, kwa sababu tiba yake ni jagi la maji. Nyumba mpya ambayo haijakaliwa kwa miezi kadhaa hunuka maji machafu, na mwenyewe huamini kwamba mabomba yote yamepasuka. Chini ya kila tundu la sakafuni pana kona ya bomba inayohifadhi maji ya kina cha sentimita 5 hivi, na maji hayo ndiyo kizuizi cha harufu. Yakikauka kwa joto letu, njia inakuwa wazi. Mwaga maji, subiri, na harufu ikiendelea hata baada ya hapo ndipo tutafute fundi.

Toka sasa ukumbini, nje ya mlango wako. Karibu na lifti au ngazi huwa pana kimlango chembamba kilichofungwa, na nyuma yake ni dakti, yaani uwazi wa wima unaopitisha mabomba na nyaya kutoka chini hadi juu ya jengo. Ombeni ufunguo wake. Nimekwisha kufungua dakti katika majengo ambayo ukumbi wake una marumaru inayong'aa kama kioo, nikachungulia na kuona taa ya ghorofa tatu chini. Kila bomba na kila kifungu cha nyaya kinapopita kwenye jamvi, tundu linapaswa kuzibwa kwa vifaa vinavyohimili moto, ili moto na moshi wa ghorofa moja ubaki huko kwa muda wa watu kutoka. Dakti lisilozibwa ni bomba la moshi lililojengwa ndani ya makazi.

Mfano unaojulikana duniani kote ni wa Grenfell Tower, London, jengo la ghorofa 24 ambalo ukarabati wake ulikamilika mwaka 2016 na ambalo lilishika moto Juni 14, 2017, wakafa watu 72. Chanzo kikuu cha kuenea kwa moto kilikuwa mabamba ya kuta za nje yaliyoweza kuungua, nami sitaki kulifananisha jambo hilo na dakti. Lakini moto ulioanza katika jiko la ghorofa ya 4 ulitoka nje kwa kupitia kingo za dirisha, pale dirisha jipya lilipokutana na ukuta, na vizuizi vya moto ndani ya uwazi wa ukuta vilikutwa vimekatwa na kufungwa vibaya. Hapo pia palikuwa mahali pa makutano.

Presha ya maji ina hesabu yake. Kila mita 10 za kimo huongeza takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha), kwa hiyo tangi likiwa juu ya paa la jengo la ghorofa 15, bomba la ghorofa ya chini hubeba zaidi ya baa 4, huku la juu kabisa likiwa halina nguvu ya kuwasha hita ya maji. Pasipo vipunguza presha kwa wa chini na pampu kwa wa juu, wale wa chini hupasuka mipira ya sinki usiku wa manane, na wale wa juu huoga kwa kopo.

Madirisha yanastahili neno kuhusu majira. Jengo linalokabidhiwa Juni hukabidhiwa wakati masika yamepita, na kipindi cha matazamio, yaani muda wa kudai kasoro zirekebishwe baada ya makabidhiano, kikiwa cha miezi 6 kitaisha kabla masika mengine hayajaja. Vuli hupima kidogo, lakini mvua inayosukumwa na upepo dhidi ya ukuta wa ghorofa ya 12 ndiyo inayofichua mahali ambapo fundi alumini alidhani mwashi angeziba na mwashi akadhani silikoni ya alumini ingetosha. Kwa hiyo huwashauri wateja wangu wadai miezi 12. Wajue pia kwamba matazamio yaliyoandikwa katika mkataba wa ujenzi ni kati ya mkandarasi na mwenye mradi, ambaye huzuia sehemu ya malipo hadi kasoro zirekebishwe. Mnunuzi wa nyumba moja hamo humo, na haki yake ni ile iliyoandikwa katika mkataba wake mwenyewe wa mauziano. Dakti, paa, lifti na ngazi ni mali ya pamoja, na hapo ndipo chama cha wamiliki, kinachotajwa katika sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, kinapopaswa kusema kwa sauti moja mapema.

Tangu jengo la Kariakoo liporomoke Novemba 16, 2024, karibu kila mteja huniuliza pia kama jengo lake litasimama. Hilo silijibu kwa kugonga vigae. Nguzo na misingi huhitaji mhandisi wa miundo, michoro, na vipimo vya zege, na mtu atakayekuhakikishia uimara wa jengo kwa kutazama lipu usimlipe.

Hivi karibuni nilikuwa ghorofa ya 9 ya jengo moja lililohamiwa, nikiwa na fundi bomba na mwashi mbele ya dakti lililo wazi. Nilimuuliza kila mmoja tundu lile ni la nani. Walibishana kwa heshima, shikamoo zikiwa bado zinasikika katika sauti zao, mpaka msimamizi akapanda na vifaa vya kuzibia na kuwataka wasaidiane. Walimaliza kabla ya chai ya saa nne. Tukashuka ghorofa ya 8, tukafungua kimlango, na tundu lilikuwa lile lile.