Betri ya 18650 yenye 9900 mAh haipo duniani

Wiki hii nimeletewa tena tochi "mbovu" ambayo haina ubaya wowote. Mlinzi aliyeileta alikuwa amenunua betri mbili za 18650 zilizoandikwa 9900 mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa), akazichaji mchana kutwa, na mwanga ukafifia kabla zamu yake haijafika katikati. "Fundi, betri ni mpya na ni kubwa, kwa hiyo ubovu uko kwenye tochi," alisema, na kila aliyekuwa kibandani alitikisa kichwa kukubaliana naye. Nimechoka kulieleza jambo hili mteja mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika.

Namba 18650 ni vipimo vya umbo: kipenyo cha milimita 18, urefu wa milimita 65, na sifuri ya mwisho huonyesha kuwa betri ni ya duara. Ndani ya nafasi hiyo, viwanda vinavyoheshimika vya Korea na Japani vimefikisha takriban 3500 mAh: Samsung 35E na LG MJ1 zimeandikwa 3500, na Panasonic NCR18650B imeandikwa 3400. Betri za Panasonic za umbo hilihili ndizo zilizoendesha gari la Tesla Model S. Ikiwa watu wanaotengeneza betri za magari wameishia hapo, karakana isiyojulikana jina haiwezi kuwa imefika 9900. Kuandika namba hiyo kwenye 18650 ni sawa na kuandika "lita 60" kwenye ndoo ya lita 20.

Usiniamini mimi, mwamini sonara. Mwombe akupimie betri yako kwenye mizani yake: 18650 halisi huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50, na hizi za 9900 mara nyingi hazifiki 40. Niliwahi kuiacha moja ikaisha chaji kabisa, kisha nikaikata nje ya kibanda (usiige, kwa sababu betri yenye chaji ikikatwa huwaka moto), na ndani ya kopo la chuma nikakuta betri ndogo iliyofungwa katikati, huku nafasi yote iliyobaki ikiwa imejazwa unga mweupe. Nyingine za aina hiyo nilizozipima kwa chaja ya kupimia zilitoa chini ya 1000 mAh.

Hata hivyo, wanaonunua 9900 hawanikeri kama wale waliokwisha kujua kuwa ni uongo, ambao huja wakiwa na uhakika kwamba 3500 ni bora kuliko 3000 na kwamba 3000 ni bora kuliko 2500, basi. Namba ya mAh hukueleza kiasi cha umeme kilichohifadhiwa, na haikuelezi ni ampea ngapi, yaani mkondo mkubwa kiasi gani, betri inaweza kutoa kwa mkupuo bila kuteseka. Samsung 35E ya 3500 mAh imeruhusiwa ampea 8 mfululizo. Samsung 30Q ya 3000 mAh imeruhusiwa 15. Samsung 25R ya 2500 mAh imeruhusiwa 20. Kiwanda hakikupunguza mAh kwa uvivu. Ili betri itoe ampea nyingi, hutengenezwa kwa namna inayopunguza ukinzani wa ndani (kizuizi cha mkondo ndani ya betri, kinachopimwa kwa miliomu), na gharama yake ni mAh chache.

Ukinzani huo ndio unaokula mwanga wako. Chukua betri yenye ukinzani wa miliomu 35 na tochi inayovuta ampea 10: volti 0.35 hupotea ndani ya betri yenyewe, na wati 3.5 hugeuka joto ndani ya kopo lililofungwa. Chukua betri iliyochoka yenye miliomu 100, na upotevu unakuwa volti 1 nzima na joto la wati 10. Taa nyeupe ya LED inayosukumwa kwa nguvu huhitaji zaidi ya volti 3, kwa hiyo tochi isiyo na bodi ya kupandisha volti hufifia mapema ilhali chaji bado imo. Yenye bodi hiyo hufanya jambo baya zaidi: kila volti zinaposhuka, huvuta ampea nyingi zaidi ili kudumisha mwanga, betri ikazidi kulemewa, mpaka tochi inazimika ghafla.

Hata hivyo, nikiri kwamba mpaka wa ampea 8 hauko wazi kama jedwali la kiwanda linavyouonyesha. Samsung wenyewe wanairuhusu 35E ifike ampea 13 kwa muda mfupi, na tochi nyingi ndogo zenye nguvu hujipunguza zenyewe baada ya dakika moja au mbili kwa sababu ya joto. Kwa tochi ya namna hiyo, mwenye 3500 anaweza kuishi vizuri kuliko mwenye 2500, na sina kanuni safi ya kukupa. Shika mwili wa tochi na usikilize joto lake.

Kuhusu lumeni, kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi, sitapoteza muda. Tochi nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, wakati mwingine 150. Lumeni 100,000 zilizoandikwa kwenye boksi zingehitaji wati zisizopungua 650, na betri moja ya volti 3.6 ingelazimika kutoa ampea zaidi ya 180. Betri ya 3500 mAh ina takriban wati-saa 12.6 (yaani inaweza kutoa wati 12.6 kwa saa moja), hivyo lumeni 1000 za kweli hudumu zaidi kidogo ya saa moja. Boksi likisema saa kumi, kumbuka kuwa ANSI FL 1, kiwango cha Marekani cha kupimia tochi, huhesabu muda mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo.

Anayetaka kumulika mbali aangalie kandela, kipimo cha ukali wa mshale wa mwanga, badala ya lumeni. Tafuta kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa mbili, na utapata mita: kandela 10,000 ni mita 200, kandela 40,000 ni mita 400, na mwisho wa umbali huo mwanga unalingana na wa mwezi mpevu. Mlinzi wa geti hahitaji mita 400. Wavuvi wa dagaa hapa Mwanza, waliohama kutoka karabai kwenda taa za LED, wanahitaji mwanga uliotawanyika, na tochi ya mshale mwembamba haiwafai hata ikiwa na bei kubwa.

Betri zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato ninazitumia, na mtu asinitishe. Nyingi zilikuwa za 2200 hadi 2600 mAh zikiwa mpya, na zinatosha kwa tochi ya ampea 2 au 3. Mashaka yangu ni kwa zile zilizoshuka mbali chini ya volti 2.5. Vitabu vinasema zitupwe, kwa kuwa shaba ya ndani huanza kuyeyuka na baadaye hujijenga mahali pa kuleta shoti. Ninazo zilizofufuka, zikafika volti 4.2 na kukaa hapo wiki nzima, na kipimo changu hakionyeshi tofauti yoyote. Pamoja na hayo siziuzi, na kamwe siziweki kwenye tochi yenye betri mbili zinazofuatana, kwa sababu iliyo dhaifu huisha kwanza na mwenzake huendelea kuisukumia umeme kinyume mpaka itoe moshi. Tochi ya namna hiyo ipewe betri mbili za aina moja zilizonunuliwa siku moja, zichajiwe pamoja, na zikichoka zitolewe zote mbili.