Kitufe kipo, skripti inasema hakipo

Ukiona kwenye konsoli `Cannot read properties of null (reading 'addEventListener')`, kabla ya kuhangaika na tahajia ya jina la kitufe, angalia skripti (faili la JavaScript) imewekwa wapi. Kivinjari husoma HTML kutoka juu kwenda chini. Kikikutana na `<script src="menyu.js">` tupu, husimama: faili lishuke, liendeshwe, ndipo kiendelee na mistari inayofuata. Skripti ikikaa kwenye `<head>`, kitufe cha kwenye `<body>` kinakuwa hakijaundwa bado, na `getElementById`, inayokitafuta kwa jina lake, inarudisha `null`, yaani hakuna kitu.

Kuna foleni nyingine isiyoonekana kirahisi. Kama juu ya skripti hiyo kuna faili la CSS (la mwonekano wa ukurasa) ambalo halijafika, skripti hulisubiri, maana huenda ikauliza vipimo au rangi. CSS inachelewesha JavaScript, JavaScript inachelewesha ukurasa, na mwenye simu yenye mtandao wa kusuasua anatazama weupe mtupu.

Dawa ni `<script defer src="menyu.js">`. Faili hushuka huku HTML ikiendelea kusomwa, kisha huendeshwa HTML ikiisha, kwa mpangilio ulioandika, kabla ya tukio la `DOMContentLoaded` (ishara ya kivinjari kwamba HTML yote imesomwa). `type="module"` hufuata ratiba hiyo bila kuambiwa. Ila msimbo wa kawaida ulioandikwa ndani ya tagi yenyewe, bila `src`, haujali `defer`. Huendeshwa papo hapo.

`async` ni habari nyingine: inayofika kwanza huendeshwa kwanza, hata HTML ikiwa nusu. Ukiipa maktaba (msimbo uliotayarishwa na wengine) pamoja na faili linaloitegemea, ukurasa utafanya kazi leo na kugoma kesho. Mimi huiachia skripti za kuhesabu wageni tu. Tena, skripti ya `async` inayosubiri `DOMContentLoaded` yaweza kufika tukio limeshapita, na kazi yako (function, hapa chini `anza`) isiitwe kamwe, wala kosa lisionekane popote. Uliza hali ya ukurasa kwanza:

```
if (document.readyState === "loading") {
  document.addEventListener("DOMContentLoaded", anza);
} else {
  anza();
}
```

Usikimbilie tukio la `load` hapa: hiyo husubiri hadi picha, na menyu itakuwa imekufa muda wote huo.

Skripti unazounda kwa `createElement` huwa `async` zenyewe; mpangilio ukiwa muhimu, andika `s.async = false` kabla ya kuziingiza. Zinazopachikwa kwa `innerHTML` haziendeshwi kabisa.