Maziwa hayaponyi kiungulia

Kiungulia kikipanda usiku, wengi hukimbilia glasi ya maziwa baridi. Ushauri huo haukuanzia kwa bibi zetu tu. Mwaka 1915 daktari Bertram Sippy wa Chicago aliwapangia wagonjwa wa vidonda vya tumbo maziwa na krimu kila saa, na madaktari wengi walimfuata kwa miongo kadhaa.

Nafuu ya mwanzo ni ya kweli: maziwa hupunguza makali ya asidi kwa muda mfupi. Lakini protini na kalsiamu iliyomo huchochea tumbo kutoa asidi zaidi, na mafuta yake yanaweza kulegeza msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo. Kiungulia kinarudi.

Kwa wanaosumbuliwa usiku, cha kutazama kwanza ni saa ya kula. Ukila ugali na nyama ya kukaanga saa nne usiku, ukapanda kitandani saa nne na nusu, asidi itapanda tu. Kula kidogo, masaa matatu hivi kabla ya kulala. Weka tofali au mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kiinuke kama sentimita 15. Kurundika mito hukunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto.

Pilipili? Haimsumbui kila mtu. Nisingemnyima mtu achari yake kabla tumbo lake halijalalamika.

Chakula kikikwama kooni, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali mara moja.