Mlango unasemaje?

Wazazi wengi wanaoniletea watoto hapa Moshi huanza na neno lilelile: mzembe. "Dokta, huyu ni mzembe, nimechapa mpaka nimechoka."

Nasimulia kisa kimoja kinachofanana na vingi. Mama kutoka Pasua alikuja na mwanawe wa darasa la tano. Alikuwa amemtuma dukani akanunue mchele nusu kilo, akirudi apitie kwa bibi achukue sufuria, kisha afungie kuku kabla giza halijaingia. Mtoto akarudi na mchele tu. Mama aliona ni kiburi.

Mimi nilihesabu mzigo. Mtu mzima mwenyewe, bila kuandika, hushika kichwani kama mambo manne mapya kwa mara moja. Mtoto wa miaka 10 hushika pungufu ya hapo, na huyu njiani alikuta wenzake wanacheza rede.

Kushika maelekezo, kujizuia, kubadili njia ya kwanza inapogoma: hizo ndizo stadi za kujiongoza. Zinategemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Fimbo haiharakishi ukuaji huo. Tena hofu hujaza nafasi ileile ambayo mtoto aliihitaji kukumbukia.

Shuleni alikuwa anasahau madaftari, basi tukaanzia hapo. Tulikata kipande cha manila, akachora mwenyewe daftari, chupa ya maji na sweta, akakibandika mlangoni pale anapovalia viatu, usawa wa macho yake. Mahali ni muhimu kuliko uzuri wa michoro. Karatasi iliyoko chumbani haimsaidii aliyekwisha fika getini. Mama naye nikamwomba abadili swali. Aache kuuliza "umebeba daftari?", aulize "mlango unasemaje?" Swali la kwanza, mama ndiye anayekumbuka. La pili linamrudisha mtoto akaangalie mwenyewe.

Wiki ya pili mtoto akaanza kujisemea kwa sauti: daftari, chupa, sweta. Baba akamkataza, akaona anaongea peke yake kama chizi. Nilimsihi amwache. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba maneno hayo ya sauti ndiyo baadaye huzama ndani na kuwa fikra za kimya.

Kuna wanaoniuliza kuhusu michezo ya simu ya "kukuza akili". Kwa kawaida mtoto huwa hodari wa mchezo huohuo, na daftari linaendelea kupotea. Mwacheni acheze rede, akwepe mpira, ajaze mchanga kwenye chupa. Ni mazoezi mazuri na ni furaha. Ila cha daftari kifundishwe kwenye daftari.

Wanaonisumbua zaidi moyoni ni vijana wa bweni. Miaka minne kengele inawaamsha, inawalisha, inawapeleka prepo. Wakirudi likizo wanalala hadi saa nne na vitabu havifunguliwi, nasi tunashangaa. Kengele ndiyo iliyokuwa inapanga. Kijana wa namna hii usimwambie "soma". Mwambie aseme lini na baada ya nini: "Nikimaliza kuosha vyombo vya usiku, nitafanya maswali matatu ya hesabu mezani." Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, ameonyesha kwamba mpango uliofungwa kwenye tukio hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu.

Likizo ya Juni mpe pia shughuli moja nzima aibebe mwenyewe. Kama mnakwenda kwa bibi Marangu, yeye ndiye apange: saa ya kutoka, nauli ya kila mtu, zawadi ya bibi inunuliwe lini. Mwulize usiku wa kuamkia safari, "Kesho tukichelewa gari tunafanyaje?" Kisha nyamaza, hata ukiona nauli ya kurudi ameisahau. Weka akiba yako mfukoni, na mkifika stendi mwache ahesabu upya.